Kiwiko ni Chake, Sura Si Yake

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi, naomba unishike mkono maana dada yangu ninayekaa naye amechoka kunisikiliza na amesema nikuandikie wewe unayelipwa.

Mimi ni kijana wa kiume, kazi yangu ni kubuni matangazo, na kwa kweli maisha yananinyookea, kazi naipenda, kompyuta mpya ya ofisini naipenda mpaka naifuta vumbi kwa shati langu, na kila asubuhi nakimbia na kundi la watu wa mtaani kwetu, na humo ndimo alimo dada mmoja tunayemwita Kiwiko, kwa sababu akikimbia kiwiko chake cha kushoto kinachomoza nje kama anasukuma mlango, usipoangalia kinakuingia mbavuni, mimi kimeshaniingia mara nyingi na sijawahi kuhama upande ule. Tena kamba za viatu vyake hufunguka kila siku, na kila siku tunasimama kwenye kituo cha basi azifunge, ukimwambia akaze fundo hataki, nami namshukuru Mungu kimya kimya.

Basi duka la viatu vya michezo likatupa kazi, wanataka mabango ya vituo vya basi yenye picha ya mwanamke anakimbia, tukamwita mwanamitindo, mzuri ajabu, lakini anakimbia kama anaogopa kuvunja kucha, bosi akanuna, nami nikakumbuka nina video za Kiwiko kwenye simu, huwa tunarekodiana ili kurekebishana mwendo, nikatoa picha moja humo, na mshauri, ilikuwa picha! Lakini nilipoona uso wake kwenye bango nikashikwa na wivu, nikawafikiria watu watakaomwegemea wakichokonoa meno, na wale wanaotangaza vyumba vya kupanga watakaobandika karatasi zao kwenye paji lake la uso, nikashindwa kabisa, nikaiambia kompyuta initengenezee sura nyingine, sura ya mtu ambaye hayupo duniani, nikaiweka juu ya shingo yake, mteja akafurahi, bosi akanipigia makofi, na Kiwiko mwenyewe sikumwambia kitu, nikijidanganya kwamba nimemheshimu.

Bango likawekwa wapi? Kituo kile kile. Aliinama kufunga kamba, akainuka, akalitazama.

"Hiki kiwiko ni changu," akasema, na kundi zima likacheka. Kisha akauliza, "Na huyu dada ni nani?"

Nikajibu kama bwege, "Si mtu, ni kompyuta tu."

"Kumbe. Mwili umefaa, sura ndiyo imekataliwa."

Akacheka na wenzake, akaondoka mbio, na tangu siku hiyo anakimbia mbele kabisa, na huyo si mtu wa kumfukuzia, ana pumzi za kukopesha. Sasa bosi anataka bango la pili, miguu ile ile na sura ile ile ya kompyuta, nami huku nimeshabuni bango langu mwenyewe la kuomba radhi, lenye uso wake halisi, rangi nimehangaika nazo, herufi nimezibadilisha mpaka macho yakauma, nikamwonyesha dada yangu akaniuliza, "Unaomba msamaha au unagombea tuzo?" Nilibandike pale kituoni au niache? Naogopa kumpoteza, mshauri, na hata sijampata.

Mwenye Mbavu Zinazouma

*

Marahaba, nimekuzidi, tena kwa mbali. Dada yako msalimie sana, yeye ndiye angekalia kiti hiki.

Kwanza nikusute. Ungetaka baiskeli ya huyo binti ungeomba. Mwili wake hukuomba. Na wewe mtu wa matangazo, unayelipwa kujua mtu akitazama picha ataelewa nini, ulishindwa kujua mwanamke akikuta kichwa cha mwingine juu ya shingo yake ataelewa nini? Kicheko chake usikiamini. Alicheka kwa sababu watu walikuwepo.

Lakini nilipofika kwa hao wachokonoa meno nilisoma mara mbili, kisha nikamsomea jirani yangu wa dawati akaacha chai yake ipoe. Mwanangu, unampenda. Umeniambia mimi nisiyekujua, sasa wasomaji wote wanajua, yeye tu ndiye hajui. Na gazeti hili linasomwa hata vituoni, kwa hiyo harakisha asije akayakuta humu kabla hujayasema.

Bango la radhi lifute. Ukilibandika utakuwa umemchukua mara ya pili bila kuuliza, na safari hii pamoja na paji la uso. Kisha nenda kwa bosi umwambie ile picha ina mwenyewe, na bango la pili lisubiri mpaka mwenyewe aseme. Akikubali, alipwe kama alivyolipwa yule wa kucha. Akikataa, hata la kwanza lishushwe, na wewe uvumilie bosi akinuna. Umesema mwenyewe kununa anajua.

Yeye huwezi kumfikia kwa mbio, basi usijaribu. Asubuhi moja tangulia kituoni ukae hapo chini ya bango. Kamba zitafunguka tu, atasimama. Muombe radhi kwanza, bila maelezo ya kompyuta. Halafu mwambie kama ulivyoniambia mimi: kwamba hukuvumilia watu waegemee uso wake. Mwambie na habari ya mbavu. Usipange maneno wala usiyarembe, yatoke kama yalivyo.

Akikasirika, msikilize mpaka amalize. Akicheka, na mimi nadhani atacheka, simu ibaki mfukoni. Mtazame tu.