Upande wa Kuume wa Gari ya Baba Issa

Jumatatu, 8 Septemba

Kapo tena, kile kifuniko cha injini. Nimeosha na sabuni, nimekausha, nimepaka dawa ya kusugua, nimesugua tangu saa moja mpaka jua limenifukuza. Mkono unauma mpaka kwenye sikio. Kitambaa kimekuwa chekundu kama nimechinja. Baba Issa akatoka dukani kwake mbio: "We! Unaniondolea rangi!" Nikamwambia atulie, hii njo rangi iliyokufa, inatoka ili ile ya chini ipumue. Nikasema nilifundishwa na Mbelgiji kule Uvira.

Hakuna Mbelgiji. Nilikuwa naosha magari karibu na ziwa, nikaona bantu ba garage banavyofanya. Lakini macho yangu yalisoma vizuri.

Gari ni Toyota yake ya zamani. Ilikuwa nyekundu. Jua la kambi hii ya Dzaleka limeigeuza rangi ya ufizi. Baba Issa ni jirani, mtu wa Kindu, anauza vitenge, na ametuazima kwa Jumamosi ya tarehe 20. Siku hiyo Furaha anaolewa.

Furaha ni mtoto wa dada yangu. Mama yake alituacha mtoto akiwa na miaka minne. Mi njo nilimbeba mabegani kutoka Uvira mpaka Malawi. Basi, mpaka kwenye lori. Lakini lori lilikuwa mbali.

Jumatano, 10 Septemba

Leo Lilongwe, soko la Tsoka, kutafuta nta ya gari. Mwuzaji akaniuliza kama najua kuitumia. Mi! Nikamwambia nimeng'arisha gari za majenerali watatu. Akasema kopo moja linatosha gari ndogo. Nikanunua moja. Pesa ya la pili sikuwa nayo.

Njiani nikafikiria tena ile siku bakwe balikuja kujitambulisha. Balitoka Area 36, mtaa wa Lilongwe, Bamalawi, bantu ba heshima. Kijana anaitwa Chikondi, alikuwa analeta nyanya kuuza hapa kambini, njo akajua Kiswahili na njo akamjua Furaha. Nilisimama mbele ya bote. Nikasema: Furaha atafika kanisani ndani ya gari inayong'aa mpaka mama anaweza kufunga kilemba bila kioo. Baba ya Chikondi akasema zikomo, asante ya kwao. Mama yake akacheka. Kidogo tu, puani.

Kile kicheko kinalala na mi. Sitaki baseme mtoto alitoka kambini kama gunia, hana mtu nyuma yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Upande wa kuume. Milango miwili. Ah, leo ningetaka wale majenerali baone!

Siri ni hii: kidogo kidogo. Kitambaa laini, duara ndogo, si kukandamiza. Dawa ya kusugua kwanza, nta nyuma, na kivuli. Jana niliweka nta juani ikakauka kama nsima ya juzi, ule ugali wa hapa, nikaipangusa saa mbili nzima. Saa moja. Ilikuwa saa moja.

Furaha akaleta maharagwe mchana. Akainama mbele ya mlango, akaona uso wake. Akatengeneza nywele. Akasema, "Mjomba, kumbe kweli unajua."

Kumbe! Miaka yote hii namwambia. Leo njo ameamini. Machozi yalitaka kutoka. Nilisema ni ile dawa.

Jumanne, 16 Septemba

Nta imekwisha. Rangi mzee inakunywa kama mlevi. Nimefanya kapo, paa na upande wa kuume. Upande wa kushoto bado ufizi.

Nina hasira na mwuzaji. Hapana. Na mdomo wangu.

Nimechora kwenye karatasi. Kanisa hapa, barabara hapa, mlango wa kanisa hapa. Gari inasimama hivi, bakwe banaona upande wa kuume peke yake. Nilimwambia Baba Issa, ambaye ataendesha, kwamba lile kanisa nalijua sana. Nililipita mara moja, nikiwa juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria.

Alhamisi, 18 Septemba

Furaha ameuliza: na upande ule mwingine? Nikasema kesho. Akaniangalia kama mama yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefanya jambo.

Mafuta ya kupikia. Nusu chupa, kwa kitambaa, upande wote wa kushoto. Uvira balifanya hivyo na gari za kuuza, mnunuzi akishafika nyumbani ni shauri yake. Dakika kumi. Inang'aa kuliko kazi yangu ya siku tatu! Baba Issa akasema, "Huu upande njo umeuweza." Niliona haya. Halafu nikaona haya zaidi, kwa sababu nilifurahi.

Jumamosi, 20 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Furaha alikaa nyuma na rafiki yake. Robe yake, gauni la harusi, nyeupe, pana, ilijaza kiti chote. Mi mbele na vesti yangu ya kijivu, koti la suti. Tulitoka kambini katika vumbi, tukapita lami, tukaingia Area 36 katika vumbi tena. Sikuangalia nje. Niliimba.

Mlango wa kanisa uko upande mwingine. Karatasi yangu ilidanganya.

Bamama ba kwao Chikondi balikuwa bameshatandika vitenge chini, bibi harusi akanyage juu yake. Upande wa kushoto. Banapiga vigelegele. Nikashuka. Nikaona mlango. Vumbi lote la Malawi limekamatwa na mafuta, limekuwa tope la kahawia, zito. Na ile robe ilikuwa lazima ipite pale ikisugua.

Kitasa kikaanza kusogea.

Nikapiga kelele. "Usifungue! Furaha, usitoke!"

Vigelegele vikakatika. Nilisahau mi ni nani siku ile. Mjomba akisimamisha bibi harusi mlangoni, bantu banaelewa kitu kimoja: amekataa ndoa. Baba ya Chikondi akaja polepole, kofia mkononi. Chikondi alitafsiri. "Baba anauliza, tumekosea wapi? Mahari haikutosha?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, ulikuwa mzuri, una nyoka ndani yake. Nikaona uso wa Furaha nyuma ya kioo.

Nikasema, "Hamkukosea. Ni mafuta ya kupikia. Nta iliniishia nusu ya gari. Nilitaka muone anang'aa. Itachafua robe yake."

Chikondi akatafsiri. Nikavua vesti, ile ya kijivu, nikaanza kupangusa mlango. Magoti chini. Mikono ya vesti, mgongo, mifuko, yote.

Nikasikia kile kicheko. Kidogo, puani. Mama ya Chikondi. Akafungua kitenge cha kiunoni, akapiga magoti pembeni yangu katika nguo zake za sherehe, akapangusa chini ya mlango. Mama mwingine akaja. Tulipomaliza, mlango ulikuwa rangi ya ufizi. Safi.

Furaha akatoka. Robe haikuguswa. Alinishika mkono nimpeleke, mi na shati tu, akaniambia sikioni, "Mjomba, nilijua. Tangu jana gari inanuka maandazi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nililia kanisani. Si vumbi.

Jumatatu, 22 Septemba

Vesti imekataa kutakata. Nimefua mara tatu. Mara mbili.

Nyumba kimya. Nimepika mwenyewe, maharagwe yameungua. Furaha alipiga simu, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula vizuri sana. Jumamosi anakuja kuchukua sufuria zake, na mama mkwe anataka kuja naye, aone mahali mtoto alikulia. Huyo mama amesema nisihangaike na kitu.

Baba Issa amesema niache gari, inatosha. Nimemwambia bado.

Nimeosha upande wa kushoto na sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yote yametoka. Dawa ya kusugua imebaki kidogo, chini kabisa ndani ya kopo. Haitoshi upande wote. Nimeanza na mlango wa nyuma, ule aliotokea Furaha. Kivulini. Duara ndogo. Hakuna aliyepita, na sikumwambia mtu kitu.

Jioni nimeinama kuangalia. Uso wangu umo. Si sana. Macho, na kipande cha paji.