Chai Imeenda Wapi?

Kugo, babu yangu mpendwa,

Najua sauti unayoisikia si yangu. Ni ya binamu yangu Chebet, maana nimemtumia yeye barua hii akusomee. Chebet, tafadhali soma polepole, na usiruke mahali pa panya.

Ninaandika kwa sababu kwa simu siwezi. Shangazi akipiga kutoka Mulot, kila mtu hapa nyumbani anataka kuongea, na zamu yangu ikifika nasema tu niko sawa, masomo ni sawa, halafu namrudishia Mama simu. Maneno yote huja nikishalala.

Leo nimekumbuka asubuhi zetu za likizo. Tulikuwa tunatoka jikoni, na wewe unaacha fimbo ukutani, ukisema fimbo ni ya barabarani. Kisha unaingia kwenye kijia cha wachumaji wa chai, mikono umeitandaza kidogo, viganja vikipita juu ya majani kama mtu anayepapasa migongo ya ndama. Umande ulikulowesha mpaka viwikoni. Mimi nilifuata nyuma. Sijawahi kukujua ukiona, Kugo, lakini nilikuwa mkubwa kabla sijaelewa kwamba wewe ni kipofu. Ulijua pale chai inapoinuka kwa sababu ya kichuguu cha zamani. Ulijua baridi ya chemchemi. Kwenye mti wa mpaka ulisimama kabla hujaugusa, ukamsalimia jirani kabla hajakohoa.

Siku moja nilikuuliza kama huwa unahesabu hatua. Ukacheka.

“Anayehesabu ni karani wa chai,” ukasema. “Mimi naenda tu. Mahali penyewe panajitaja.”

Ukaniambia nifunge macho nikuongoze. Sikufika mbali, nikatumbukia kwenye mtaro. Ulicheka mpaka ukakaa chini. “Si wewe unasoma sana? Kwani huo mtaro hawakuuandika?”

Halafu ikaja ile wiki uliyolazwa hospitalini kwa sababu ya kifua. Ulikuwa msimu wa kukata chai. Wewe ndiye uliyemfundisha Baba kwamba chai isipokatwa kila baada ya miaka michache inazeeka na kuwa miti. Kwa hiyo akakata, shamba lote, mpaka vikabaki visiki vya magotini. Uliporudi tulifurahi sana. Mama akatikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, majirani wakaja kuomba. Hakuna aliyekumbuka kukuambia. Kila mwenye macho alikuwa ameliona shamba tangu langoni, na kitu kilichoonekana na kila mtu hakisemwi.

Asubuhi yake ukaacha fimbo ukutani kama kawaida. Nilikuwa naosha vikombe niliposikia unaniita. Nilikukuta katikati ya visiki, mbali na kijia, miguu imechubuka, viganja vyako vikipapasa hewa pale majani yalipokuwa. Uliniuliza kwa sauti ya chini, Baba asisikie.

“Cherono, chai imeenda wapi?”

Nilikushika mkono nikakurudisha. Ilikuwa mara ya kwanza kukuongoza hivyo, na hukukataa. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Baba alisema mtu akipotea kwake hawezi kuachwa peke yake. Shangazi akaja kukuchukua, kwa sababu boma lake ni tambarare, lina sementi na ukuta. Hukubisha. Sasa Chebet ananiambia unakaa barazani tangu chai ya asubuhi mpaka jioni, na hata chooni unangoja mtu akushike mkono. Anasema alikuuliza kama umeizoea Mulot, ukamjibu kwamba gunia halijui limewekwa wapi. Na hapa Baba alikuwa ameanza kuweka mbolea katika chumba chako, Kugo. Sikupenda kukuambia hilo, lakini ni kweli.

Sasa mahali pa panya.

Najua huwapendi, kwa sababu ya ghala la mahindi. Lakini shuleni nilipata kitabu kinachoeleza jinsi wataalamu wanavyosikiliza ubongo wa panya kwa nyaya nyembamba sana. Panya anazurura katika chumba. Akifika kona fulani, chembe moja ya ubongo inalia, tik tik tik. Akiondoka inanyamaza. Penye ukuta inalia nyingine, katikati nyingine. Nilisoma hapo nikafunga kitabu. Mahali penyewe panajitaja. Wewe ulisema hivyo ukiwa umelowa umande.

Taa zikizimwa, chembe nyingi zinaendelea kulia, kwa sababu panya anajua alivyotembea na alivyogeuka. Lakini chumba kikibadilishwa sana, zinavurugika. Nyingine zinanyamaza, nyingine zinalia mahali papya. Panya hajawa mjinga. Ubongo unachora upya. Na akirudishwa chumba cha kwanza, ramani ya kwanza inaamka.

Kwa hiyo hukupotea, Kugo. Sisi ndio tulioliondoa shamba wewe ukiwa hospitalini.

Kuna jambo moja zaidi. Panya akisafirishwa bila kutumia miguu yake, zile chembe hulia kwa unyonge. Ramani inataka miguu yake mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu Mulot bado haijajitaja kwako. Kila mtu anakushika mkono.

Wakati wa likizo fupi nilimwambia Baba haya yote. Alikuwa ananoa panga, nami nilisimama mlangoni. Aliendelea kunoa. Nilidhani atasema nirudi kwa vitabu vyangu.

“Akienda mwenyewe mpaka lango la Shangazi yako na kurudi,” akasema, “nitaenda kumchukua.”

Kesho yake niliporudi kutoka mtoni, mbolea ilikuwa nje ya chumba chako, imefunikwa turubai.

Chai imechipua. Inafika mapajani, bado haijafika kiunoni, kwa hiyo itabidi uiname kidogo ili uipapase. Kichuguu kiko palepale. Ukirudi sitakushika mkono. Nitakuwa nyuma yako, na mtaro tayari ninaujua.

Shangazi, naomba kiti na ndoo visihamishwehamishwe. Atajigonga siku za kwanza, mwache ajigonge.

Chebet, umemaliza kusoma. Baki hapo hapo ulipokaa.

Kugo, inuka.

Ni mimi mjukuu wako, yule wa kutembea nyuma,
Cherono