Kishikio cha Sufuria Kilichonihamisha Mvumi

Mke mwenza wangu Nyemo,

Mbukwa, kama huko bwenini bado mnaitikia salamu za nyumbani.

Nianze kwa kukwambia kwamba hii habari yetu kila mtu anaisimulia vibaya. Baba yako anawaambia wenzake wa kanisani eti siku ile ya maonyesho yako nililia kwa furaha. Mama yako anasema nilipiga vigelegele mpaka mwalimu wenu akaziba masikio. Kule kijijini kwetu Mvumi nasikia wanasema nilikuwa nachoma nyumba kwa kupika, ndiyo maana nikahamishwa. Waongo wote. Anayeijua habari ni mimi, na mimi toka nizaliwe sijawahi kuongeza neno kwenye hadithi.

Usicheke. Soma.

Mimi naongea, anayeandika ni Mama Zuhura, fundi cherehani, jirani yetu hapa mjini, mtaa wa Kikuyu. Nimemwambia asininyooshee maneno kama anavyonyoosha suruali za watu. Akimaliza anakutumia wewe barua hii, na nakala anaituma kwa yule mwalimu wako wa ubunifu wa Mvumi, aibandike pale pale ukutani mlipobandika manila yako, kila apitaye asome. Wewe uliniweka ukutani, na mimi nakuweka.

Unakumbuka babu yako alivyokuwa akikuita mke mdogo? Ulikuwa bado unatambaa. Ananiambia, "Wewe umezeeka, huyu ndiye atanisongea ugali." Nikamjibu, "Atakusongea matope." Tukaanzia hapo mimi na wewe, kugombea mume mmoja asiye na meno. Alipofariki nikakurithi, ukaja kuishi kwangu, unatoka asubuhi kwenda shule unarudi jioni na njaa kama ya ng'ombe wa kiangazi.

Na ugali ulikuwa wangu. Hilo Mvumi nzima inalijua. Mimi nimesonga ugali wa misiba, sufuria ile ya kuogea watoto wawili, mwiko kama mpini wa jembe, wanaume wamesimama mbali wanaogopa mvuke. Mkono huu wa kushoto umepiga muheme, ngoma yetu wanawake, mpaka ikaomba maji. Mchungaji aliwahi kuahirisha mahubiri akisikia nimeipua. Haya, hakuahirisha, lakini alifupisha.

Halafu masika yale, asubuhi moja, nikanyoosha mkono wa kushoto nishike sufuria, mkono haukuja. Upo, nauona, lakini kama wa mtu mwingine aliyeusahau kwangu. Nikiweka unga, nikizungusha mwiko, sufuria inazunguka nayo juu ya mafiga kama imesikia ngoma. Sikumwambia mtu. Mchana nakunywa uji. Wewe ukirudi nakwambia, "Leo songa wewe, ujifunze, utaolewa na nani usiyejua kusonga?" Ukawa unasonga kila siku unanuna, unasema bibi amekuwa mvivu. Nikasema afadhali mvivu. Kwa sababu baba yako alishatamka, siku moja tu, "Mama akishindwa kujipikia, namleta mjini." Nami nyumba ile, na jiko lile, na kaburi la babu yako pale nyuma ya zizi, sikuwa tayari kuviacha kwa sababu ya mkono mmoja.

Ndipo ukaja na daftari lako.

Ukaniketisha kwenye kigoda, wewe ukakaa chini. Ukasema, "Bibi, tumepewa kazi ya ubunifu. Ina hatua tano. Ya kwanza ni kumsikiliza mtumiaji."

"Mtumiaji wa nini? Mimi sivuti bangi."

"Bibi bwana! Mtumiaji ni mtu mwenye tatizo. Mimi nauliza, wewe unasema, sikukatizi, sikupi majibu. Ila usidanganye. Mtumiaji akidanganya tunatengeneza kitu kisichofaa. Usiniongezee chumvi."

"Chumvi ndiyo mboga yenyewe."

"Leo tule bila chumvi, Bibi."

Ukauliza, nini kinakusumbua ukipika. Kisha ukanyamaza. Nyemo, mimi nimeongea maisha yangu yote, na watu wote maisha yangu yote wamenijibu, "Bibi keshaanza." Wewe ulinyamaza. Ulinitazama ukasubiri, hata kuku alipopanda mezani hukumfukuza. Hapo ndipo uliponipata. Nikakuonyesha mkono. Nikakwambia mambo ya uji. Nikakwambia ninachokiogopa.

Nikasema, "Usimwambie baba yako."

Ukasema, "Simwambii mtu."

Mama Zuhura, hayo maneno mawili yaandike makubwa.

Siku zile zilizofuata sitakudanganya, nilizipenda. Hatua ya pili, kulitaja tatizo kwa sentensi moja. Ulihangaika juma zima na sentensi moja! Uliandika "Bibi ana mkono mbovu", nikakukatalia: mkono si tatizo, tatizo ni sufuria inacheza. Ukanitazama kama nimefufuka. Ukafuta, ukaandika yangu. Hatua ya tatu, mawazo. Ukabandika vikaratasi vya njano ukuta mzima wa jikoni, unasema hatua hii hakuna wazo baya. Nikasema, "Andika: bibi aolewe na kijana mwenye misuli." Ukaandika! Ukabandika! Mbuzi akaingia akakila hicho, akaacha vingine vyote. Hata yeye alijua kipi kitamu.

Na wazo lililoshinda lilitoka wapi? Sema ukweli wa Mungu. Nilikuonyesha walivyokuwa wakifanya mama zetu: miti miwili yenye panda, unabana chungu huku na huku, ncha unaikanyaga kwa mguu, mkono mmoja unafanya kazi. Ukachora pale pale kwenye mavumbi. Hatua ya nne, kutengeneza. Kishikio cha kwanza ukatengeneza kwa maboksi, kikaungua. Cha pili kwa waya, kikalegea kama shingo ya bata. Cha tatu ukaenda kwa fundi wa kuchomelea, akakupindia nondo: mikono miwili inakumbatia sufuria, na mkia wa kukanyagia. Kizuri. Nilikiona kwa macho tu.

Maana hatua ya tano ni kujaribu, na hukujaribu kwangu. Mlijaribu shuleni, kwa mwalimu wenu, mwanamume mwenye mikono minene kama mapaja, ambaye sufuria inamwogopa hata bila chuma. Nikakuuliza, "Mimi lini?"

"Bibi, muda umebana. Maonyesho ni Ijumaa. Tutajaribu baadaye."

Ijumaa nikavaa kitenge kipya. Nikakaa mstari wa mbele, mkono wangu chini ya kanga. Baba yako katoka mjini, kakaa pembeni yangu, shati limepigwa pasi, anajisikia. Nami najisikia, nasema moyoni, leo watajua kishikio kile kimetoka kwa nani.

Ukapanda jukwaani. Ukafungua manila. Nikaona picha yangu, kubwa, nimeshika mwiko. Ukasoma kwa sauti nzuri, sikatai, sauti umechukua kwangu: "Mtumiaji wangu ni bibi yangu. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Hawezi tena kusonga ugali. Mchana anaishi kwa uji. Anaficha kwa sababu anaogopa kuhamishwa nyumbani kwake."

Ukumbi mzima ukasema, "Maskini bibi!"

Mimi? Maskini? Mimi niliyewalisha nusu yao kwenye misiba ya baba zao?

Baba yako hakutazama manila. Aligeuka akatazama kanga yangu, mahali mkono ulipo. Nilijua pale pale kwamba nimekwisha. Wewe ulikuwa unapigiwa makofi, unatabasamu, unanipungia. Nikakupungia. Kwa mkono wa kulia.

Juma halikuisha, gari likaja. Kuku wakapewa jirani, mlango ukafungwa, ufunguo ukaingia mfuko wa koti la baba yako, lile la kanisani. Wewe kwa kushinda ukapewa zawadi ya nafasi shule ya bweni huko mbali, ukapanda basi na sanduku, ukaniambia, "Bibi, umenisaidia kushinda." Nami nikaja huku kupumzika.

Neno hilo lisikie vizuri, kupumzika. Nikishika ufagio, mama yako anasema, "Mama, pumzika." Nikishika kisu nikate nyanya, "Mama, pumzika, utajikata." Juzi nimeshika kikombe changu mwenyewe cha chai, akanipokea. Mkwe wetu huyu, mke mwenza, ana moyo wa dhahabu, lakini atanipumzisha mpaka nioze. Anapika kwa gesi, ugali wa sembe mweupe laini kama keki ya harusi. Nakula, nashukuru. Unaingia tumboni haukai.

Na kishikio chako unajua kiko wapi? Sebuleni, juu ya kabati la televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya cheti chako. Kinafutwa vumbi kila Jumamosi. Wageni wanaonyeshwa. Wanavyojua wao, hakijawahi kuona moto tangu kije mjini. Tunatazamana mimi na chenyewe, wote tumepumzika.

Kwa hiyo nimekasirika na wewe, Nyemo. Tena nimekasirika sana. Sisemi ulikuwa na nia mbaya. Ulitaka watu waone tatizo, mwalimu alikufundisha lisemwe wazi. Lakini hukuniuliza. Ulinisikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza, halafu ukachukua nilichokupa ukakisoma kwenye kipaza sauti. Afadhali ungekuwa hunisikilizi kama wengine, ningebaki na siri yangu na uji wangu na nyumba yangu.

Na hata chuma chenyewe hakifai! Ndiyo. Nimekijaribu. Jumapili moja walipoenda kanisani nikasema mguu unauma, nikabaki. Nikakishusha kabatini, nikapanga matofali matatu nyuma ya nyumba, nikakoka moto, nikaweka sufuria na unga wa uwele niliokuja nao umefichwa kwenye foronya. Nikakanyaga. Nikaanza kusonga. Kikatingishika, kikapinda, sufuria ikalala, ugali wote chini. Nilisimama pale nikasema, haya, hiki ndicho kilichonitoa Mvumi, chuma kisichoweza kushika hata ugali wa mtu mmoja. Ungenirudia mimi kabla ya Ijumaa ile, ungeyajua hayo.

Basi. Soma kwa bidii, usiwe kama mimi ninayeandikiwa. Kula ushibe. Wasalimie wenzako, uwaambie bibi yako si maskini.

Ngoja. Mama Zuhura ameweka kalamu chini.

Anasema, "Bibi, huo ugali ulimwagika saa ngapi?"

Nimemwambia aandike tu.

"Siandiki. Moto ulikuja kuuomba kwangu. Nimekula matonge manne na mlenda, nikakuomba na ukoko. Huo wa chini ni upi?"

Nikamwambia yeye ni fundi wa nguo, mambo ya ugali hayajui. Kagoma. Kakaa kimya ananitazama, vile vile kama wewe siku ile ya daftari. Hii tabia mnafundishana wapi?

Haya, andika, Mama Zuhura. Yote ni kweli ila hapo, hapo nilitia chumvi.

Hakikutingishika, Nyemo. Niliukanyaga mkia, mikono ile miwili ikaikumbatia sufuria, ikatulia kimya kama mtoto aliyeshiba. Mkono wa kulia ukazungusha. Wa kushoto nikaulaza mapajani uangalie. Nilikuwa nimesahau sauti ya ugali ukianza kuachia sufuria. Niliuipua, nikaukata, nikakaa nautazama mpaka ukapoa kidogo, Mama Zuhura akachungulia akauliza ninalia nini, nikamwambia moshi. Kisha nikakisugua kwa mchanga nikakirudisha kwenye kitambaa chake. Kuna masizi yamebaki kwenye mkono wake wa kushoto, kwa chini. Mama yako kila Jumamosi anafuta, anashangaa yametoka wapi.

Uliniambia mtumiaji asidanganye. Basi mtumiaji anasema: kinafaa. Ila mkia ni mfupi, kidole gumba cha mguu kinaungua, ongeza kama kiganja kimoja. Na likizo njoo umalize hatua ya tano, hapa hapa, mbele ya baba yako. Nitasonga, yeye atazame. Halafu useme wewe kwamba bibi anajipikia, kwa sauti ile ile ya ukumbini.

Ufunguo najua ulipo. Sitauiba. Nataka anipe mwenyewe.

Ni mimi bibi yako,
mke mkubwa.