Jogoo Uliyemleta kutoka Bahi

Mama,

Shikamoo. Najua huitiki tena, lakini sijawahi kuzungumza nawe bila kukuamkia na sitaanza leo. Sisi huku Kongwa ni wazima. Mwanao, mume wangu, anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, na Neema ameanza kidato cha kwanza. Nakuandikia habari za kuku. Nikimweleza mwanao huitikia "mmh" huku anatazama simu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza mpaka mwisho.

Wiki yangu ya kwanza hapa nyumbani baada ya kuolewa walikuja wageni, ukaniambia, "Mwanangu, kamata kuku mmoja tupike." Nilikuwa nimetoka Dodoma mjini, kuku namjua akiwa sokoni. Nikamkamata aliyenona kuliko wote, tetea mwenye madoa ya kijivu, mume wangu akamchinja bila kumwangalia vizuri. Wakati wa kula hukugusa nyama. Wageni walipoondoka ukasema taratibu tu, "Leo tumekula vifaranga wa mwakani."

Sikuelewa mpaka mwanao aliponieleza kwamba yule ndiye aliyekuwa akiatamia vizuri kuliko wenzake wote na kulea wanawe mpaka wanajitegemea. Nililia jikoni. Nilijua utanisema kwa majirani. Kesho yake asubuhi ukaniwekea kigoda mbele ya banda, ukasema, "Kaa. Kazi nyingine nitafanya mimi. Watazame."

Nilikaa siku tatu. Nilidhani ni adhabu. Siku ya tatu ukaja kuniuliza: yupi akipata mchwa anawaita wanawe, na yupi anajilia mwenyewe? Yupi mwewe akipita anafunika vifaranga, yupi anakimbia? Nilipoweza kujibu, ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka.

Baada ya hapo ulinifundisha bila kuficha. Tetea tusimhukumu kwa mayai aliyotaga, tumhukumu kwa vifaranga waliofika ukubwa wa kumwacha mama yao. Weupe tuwale mapema, maana mwewe huwaona kwa mbali. Jogoo tumchague kwa miguu na macho, na kwa jinsi anavyorudi jioni bila kuitwa. Na asiachwe akapanda dada zake. Kabla hajakomaa, tubadilishane na watu wa kijiji kingine. Kuku wako walikuwa wadogo, wenye rangi ya udongo, na kiangazi kikali walikuwa wakijitafutia chakula pasipokuwa na kitu.

Mimi nikaiharibu mbegu hiyo.

Nililetewa majogoo wawili chotara, wa mbegu ya kisasa, na rafiki yangu wa mjini. Uliwatazama wakitembea uani, ukauliza, "Hawa walizaliwa na mama, au na mashine?" Nikakujibu vibaya. Nilisema zama zimebadilika, nikasema hatuwezi kubaki na vijikuku vya saizi ya njiwa. Tangu siku hiyo ukawa huingii bandani nikiwepo, na mimi, kwa kiburi, nikaona nimeshinda.

Mwanzoni kuku walikua haraka, mayai yakawa mengi. Lakini matetea waliozaliwa na wale majogoo walitaga na kuondoka. Niliwatengenezea viota, nikaweka majani makavu, wakayakanyaga mayai na kwenda kudonoa pumba. Kiangazi kilipokuja walisimama mlangoni wakisubiri chakula cha dukani. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa na matetea wanne tu wa uzao wako wa zamani, wamezeeka, na jogoo wa asili sina hata mmoja.

Nilikuja kukuomba radhi ukiwa umelala mgonjwa, mguu wako umeshavimba. Hukusema "nilikwambia." Ulisema, "Nitafutie kanga safi, nakwenda Bahi kwa mdogo wangu."

Tulikukataza sote. Ukapanda mabasi mawili na mguu ule. Siku ya nne ulirudi na tenga mkononi, ndani yake pora, jogoo mchanga, mwekundu mwenye mkia mweusi. Ndipo nilipojua kwamba siku chache baada ya chotara kufika ulimpelekea mama mdogo mayai yako, akayaatamisha kule kwake karibu na majaruba ya mpunga. Huyu pora mama yake alitoka kwenye mayai yako, na baba yake jogoo wa kule.

"Kumbe ulijua itakuwa hivi?" nilikuuliza.

"Sikujua, mwanangu. Niliogopa tu."

Mvua za mwaka ule hukuziona.

Msibani kwako watu walikuwa wengi. Shemeji, mwanao mkubwa, alitazama uani akasema mbele za watu, "Jogoo mkubwa vile anatembea na wageni wanakula maharage? Mkamateni."

Nikasema, "Shemeji, nina mbuzi wangu pale. Mchukue. Huyo jogoo hapana."

"Unamnyima mama yetu jogoo?"

Nilisimama mlangoni mwa banda na kanga yangu ya msiba, nikaona aibu, lakini sikuondoka. Mume wangu alikwenda akamfungua mbuzi. Shemeji hakukanyaga kwetu kwa zaidi ya mwaka, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilikuwa mchoyo kwenye msiba wako. Hilo liliniuma, Mama. Bado linaniuma.

Jogoo alifanya kazi yake. Wale wakongwe wanne waliatamia kwa mara ya mwisho, na binti zao sasa wanaatamia kama wao. Chotara tuliwala mmoja mmoja.

Jumamosi iliyopita Shemeji alikuja, tenga mkononi. Ugonjwa wa kideri umemaliza kuku wake wote. Alikaa, akanywa chai, hatukuzungumzia msiba. Mwishowe akasema, "Shemeji, naomba mbegu." Nikampa matetea wawili, na nikamwambia nitamfundisha namna ya kuwachanja. Kisha tukasimama mbele ya mapora wanne tumchagulie jogoo. Kwa muda nilikuwa nakusubiri wewe useme, Mama. Kweli kabisa, niligeuka kuangalia mlangoni kwako.

Shemeji akauliza, "Mama angemchagua yupi?"

Nikawatazama tena, nikanyoosha mkono.

"Sijui angemchagua yupi. Mimi namchagua yule."

Akaniamini. Akamfungia kwenye tenga, akaondoka naye.

Pumzika, Mama. Tunakukumbuka kila siku.

Mkweo,
Mama Neema