Mbuzi Alikuwa Ushahidi

Kafiya, Ruth jirani yangu leo karibu aue mzee wa watu kwa mdomo tu.

Alikuwa anaanika nguo. Akaona Saning'o, yule mzee wa mbuzi, amepiga magoti kule nyuma ya kwari ya mawe, shuka imekunjwa, ameshika mbuzi kwa nyuma na mbuzi analia kama mtu. Ruth hajawahi kufuga hata kuku! Akapiga nduru, "Anabaka mbuzi! Anabaka mbuzi!"

Wachonga mawe walitoka na nyundo. NYUNDO, Kafiya. Wakamvunja meno. Mwingine akaleta tairi na petroli. Mzee anasema tu "mbuzi, mbuzi", na wao wanaona ni kama anakubali makosa. Ruth mwenyewe alirusha jiwe, likampata kwa jicho.

Polisi walifika wakamtoa mikononi mwao, wakamfunga pingu. Afande akamwambia, "Kulala na mnyama ni miaka kumi na nne, mzee. Na huyo mbuzi apakiwe, ni ushahidi."

Walipomuinua huyo mbuzi, Ruth ndiye aliona kwanza. Kwato. Kwato ndogo imetokeza, mguu mmoja tu.

Alikuwa anamzalisha, Kafiya. Alikuwa anamzalisha!

Tairi bado iko hapo. Saning'o akatema damu, hata hakumwangalia Ruth.

"Afande," akasema, "nifungulie mkono mmoja tu. Mguu ule mwingine umekunjika ndani."