Perege Waliofufuka Ukweni

Latifa uko wapi?? Nimejifungia chooni kwa kina Hashimu. Uchumba wangu unakufa hivi hivi naona 😭

Si leo nimekuja kujitambulisha kwa mama mkwe? Nikambebea ndoo ya perege hai kutoka bwawa letu la Mahurunga. Bajaji ikanasa kwenye tope, nafika Mtwara perege wamelala ubavu, midomo juu, wanatweta.

Nina ule unga mweupe wa bwawani, kalsiamu peroksaidi, ukiingia kwenye maji unatoa oksijeni polepole. Nikanyunyiza kidogo MBELE YA WATU. Mbele ya watu Latifa!!

Maji yakaanza kutoa viputo. Tumekaa kidogo, perege mmoja akajigeuza. Mara wote. Mmoja akaruka mpaka kwenye mkeka!

Shangazi yake Hashimu akapiga ukelele: "Kafufua samaki! Watu wa Mahurunga nawajua mimi!" Hashimu, mwanaume mzima, kapanda juu ya kochi.

Nikasema, "Shangazi, hiyo ni oksijeni tu." Akasema, "Kumbe ndilo jina la jini lako!" Akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Ngoja, mama mkwe anagonga.

LATIFA. Ameingia, kafunga mlango, ananong'ona: "Mwanangu, baba yake Hashimu akirudi kutoka kazini bandarini anazima kama taa. Huo unga hauwezi kumfaa?"

Nimemwapia kwamba hauliwi, ni wa kutia kwenye maji tu.

Akafikiri. "Basi nitamlaza kwenye beseni."