Upara wa Shimo la Saba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua imekukuta bado unatafuta mahali pa kuegemeza fimbo. Mguu unasemaje? Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba sasa unafika getini na kurudi bila kushikwa, na ukifika getini unawagombeza watu wanaokanyaga majani ya jirani. Nikacheka peke yangu, nikajua umepona.

Sisi huku hatujambo. Mkwe wako mzima, bado anaezeka mapaa ya watu huku letu linavuja. Mjukuu wako Chiriku anatembea, Baba! Au niseme anaanguka kwa kwenda mbele, na kabla hajafika chini anakumbuka kuinua mguu. Meno ya juu yametoka, na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega langu.

Shangazi, wewe unayesoma, nakuamkia nawe. Nakuomba msomee Baba neno kwa neno. Usiruke, usitie chumvi, na akisema basi, inatosha, usimsikilize. Haya si mambo ya simu. Kwenye simu yeye angenikatiza, au mimi ningelia, na pesa ya watu ingeisha tukiwa tunasikilizana tunavuta kamasi.

Baba, unakumbuka yule msimamizi wa nyasi uliyempa jina Kola Ngumu? Amehamia klabu nyingine, na nafasi yake nikapewa mimi niishikilie. Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Ila meneja akaniambia nisijisahau, kwamba kushikilia nafasi ni kama kumshikia mtu mlango, siku yoyote mwenyewe atapita. Kama nautaka uwe mlango wangu, basi niende kozi ya wasimamizi wa nyasi za gofu, ile ambayo hata wenye vyeti vyao hurudi kila mara kujinoa, kwa sababu bila hivyo cheti kinakufa.

Najua unavyosema. Kumfundisha mtu nyasi darasani ni sawa na kumfundisha kuogelea kitandani. Nilikwenda na maneno hayo kichwani na mjukuu wako mgongoni, maana Chiriku bado ananyonya na sikuwa na wa kumwachia. Nilikuta ukumbi umejaa wanaume wa viwanja vingine, wengine wana mvi kama zako. Mmoja aliniuliza chai inakuja saa ngapi. Nikamjibu kwamba hata mimi naisubiri, nikavuta kiti nikakaa mbele. Kuanzia hapo wakaniita Mama Chai, lakini kwa upendo, na kila tulipotoka kwenda uwanjani kulikuwa na mzee mmoja wa kunibebea begi la nepi.

Mwalimu wetu tulimbandika jina la Bwana Mizizi, maana hamalizi sentensi bila kuitaja. Ni mtu wa suruali nzuri yenye matope magotini. Chiriku alipokula nusu ya nyasi za mfano zilizowekwa mezani, nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akasema kwamba wengine wote humu tumeziangalia tu, angalau kuna mmoja aliyezionja.

Sasa sikiliza. Siku aliyofundisha habari za maji, alisema nyasi inayomwagiliwa kidogo kidogo kila jioni haina sababu ya kupeleka mizizi chini, inakaa inangoja kuletewa. Na maji ya jioni yanalala nayo, na kinacholala na maji kinaota kuvu. Baba, niliona kama amekutaja kwa jina. Nikasimama na mtoto ubavuni, nikamwambia kwamba baba yangu alimwagilia grini moja kila jioni maisha yake yote, na watu walitoka mbali kuja kuichezea. (Shangazi, grini ni lile duara la nyasi fupi kama zulia, palipo na kishimo na bendera. Hiyo ya shimo la saba, huyu kaka yako anayejifanya hasikii aliipanda kwa mikono yake.) Nilitegemea watu watacheka. Hawakucheka. Mwalimu akasema kwa upole kwamba juu huwa panapendeza miaka mingi sana, na kwamba hata yeye, fundi aliyemfundisha kazi alikuwa mtu wa maji ya jioni, na alimpenda kuliko anavyoweza kueleza. Kisha akatupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja akachukue kipande cha udongo kutoka grini moja ya kwao, akilete.

Mimi nikachagua ya kwako. Kwa kiburi, Baba. Nilitaka nimfunge mdomo.

Kuna kifaa kama kipande kifupi cha bomba la chuma. Unakididimiza ardhini, unakizungusha, ukikivuta kinatoka na udongo mzima mzima, unaona juu mpaka chini kama mkate uliokatwa. Nilikididimiza katikati ya duara lako. Juu kulikuwa kijani, safi. Chini ya ule ukijani mizizi ilikuwa mifupi kama manyoya ya mswaki uliochakaa, na chini ya mizizi kulikuwa na tabaka jeusi, jeusi ti, linanuka yai viza. Nilikitupa kile kipande kichakani. Nikachimba kingine upande wa bendera, kikawa kilekile. Nikachimba kwenye mteremko, nako hivyohivyo. Fundi wa pampu aliponiona nimepiga magoti alidhani nimepoteza pete, akaja kunisaidia kutafuta. Nikamwacha atafute, ili nipate nafasi ya kufuta machozi.

Ikabaki ile kona. Unaijua nisemayo. Ile ya upande wa mti wa kivuli, ambayo kiangazi ilikuwa inageuka manjano, na wachezaji wakaiita upara wa Mzee Mpira, kwa jina walilokubandika kwa sababu ya mpira wako wa maji. Uliponikabidhi mpira wa maji uliniambia pale nisimwagilie, pana kazi yake. Sikuuliza. Nilidhani ni siri ya ufundi. Nimeiruka miaka yote hii, na wasaidizi wangu nimewafundisha kuiruka, nikiwaambia kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi kwamba pale pana kazi yake!

Nikachimba pale kwenye upara. Baba, mizizi ilitoka mirefu, myeupe, imepita urefu wa kifaa na kuning'inia kama nyuzi. Hakuna weusi, hakuna harufu. Darasani Bwana Mizizi alikishika kile kipande kama mtu anayeshika kitoto kichanga, kikazungushwa ukumbi mzima. Akauliza ni nani aliyekuwa na akili ya kuiachia kona hii kiu. Nikasema ni baba yangu. Akauliza kwa nini aliiachia kona hii tu na si grini yote. Nikamwambia pale pana kazi yake.

Jibu nilipewa na mama wa jikoni pale klabu, yule uliyekuwa unamtania kwamba chai yake ni maji yaliyopita karibu na majani. Nilikuwa namsimulia tu kwa mshangao. Akaweka kikombe chini, akaniuliza kama kweli sijui. Akasema pale ndipo nilipokuwa nalala. Kwamba marehemu Mama alipougua, hukuwa na wa kuniachia, ukawa unakuja nami kazini. Ulitandika gunia kwenye ile kona yenye kivuli, ukachomeka mwavuli, na kila jioni ulipomwagilia ulikuwa ukifika pale unageuza mpira upande wa pili nisije nikalowa. Hata nilipoanza shule, anasema, mkono wako uliendelea kugeuka. Siku moja akakuuliza mbona mtoto hayupo tena. Ukamwambia mkono umeshazoea, na akuache.

Nilikaa pale jikoni na Chiriku mapajani, nikashindwa kuimaliza chai.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Shangazi, soma taratibu hapa.

Kamati iliniita. Mashindano ya wageni yanakuja, wakataka kujua hali ya viwanja. Ningeweza kusema saba iko salama. Kuna dawa, ukipuliza inabaki kijani miezi kadhaa, wageni wangekuja wakacheza wakaondoka, na hakuna ambaye angejua. Meneja mwenyewe alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuniomba niseme hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaona kilicho chini, na ukishaona huwezi kurudi ukawa hujaona. Nikasema grini ya saba imeoza na inatakiwa ing'olewe yote. Hakunisukuma mtu. Ni mdomo wangu huu uliosema.

Baba, grini yako haipo. Nakuandikia ikiwa imeshakwenda. Vibarua walikuja na majembe, nikawaomba wasubiri, na jembe la kwanza nikapiga mimi, maana sikutaka mkono wa mgeni uanze kuivunja kazi yako. Sasa ni duara la mchanga mpya, peupe kama sahani. Wachezaji wengine hawanisalimii. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba binti amezika kazi ya baba yake kabla ya baba mwenyewe. Neno hilo bado liko hapa kifuani. Na meneja amesema wazi, nyasi mpya zisiposhika kabla ya mashindano, nirudi kwenye kukata, na mlango apewe mwenye cheti chake.

Sikukuambia mapema kwa kuogopa ungekuja kunizuia, na kama ungekuja, ningekubali. Nisamehe kwa kukuficha. Kwa kuing'oa siombi msamaha, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtunza nyasi hafanyi kazi ya macho ya watu.

Lakini upara haukutupwa, Baba. Niliukata vipande vipande, na mizizi yake yote, kama mtu anayekunja zulia la urithi, nikaulaza kitaluni kwenye kivuli. Nyasi ile inatambaa, kila pingili ukiizika inatoa mche. Bwana Mizizi alikuja mwenyewe kuangalia, akakuna kichwa, akasema zinatosha. Grini yote mpya ya saba itapandwa kutoka kwenye ile kona. Hakuna nyasi hata moja iliyonunuliwa. Zote ni za kwako, zile ulizoziacha zikajitafutia.

Kupanda tunaanza mwezi ukiandama. Na hapa ndipo nakuhitaji. Nilimuuliza mwalimu nyasi changa zinywe vipi. Akasema siku za mwanzo ni kidogo kidogo, mara kwa mara, kwa mkono mwepesi, kama umande, maana bado hazina mizizi ya kujitafutia. Ukikosea ukaminya kwa nguvu unazisomba. Nikamwambia mkono huo naujua. Kwa hiyo hukukosea kumwagilia, Baba. Ulichelewa kuacha tu, na hilo nadhani nitalijua zaidi nikijaribu kumwachisha Chiriku ziwa.

Mimi mkono wangu bado mzito, na vijana wanamwagilia kama wanazima moto. Njoo. Mkwe wako atakufuata mpaka mlangoni, na kiti cha kukalia nimeshakiweka pembeni ya duara. Hutasimama sana, kazi yako itakuwa mpira tu na kunigombeza. Kama una hasira nami, njoo nayo, tutaimalizia hukuhuku uwanjani.

Ila nina ombi moja. Ukifika kwenye ile kona, usigeuze mkono. Mwagilia kote, Baba, na pale pia. Chiriku nitambeba mimi mgongoni.

Mkwe wako anakusalimu, na anasema paa la chumba chako ndilo ataanza nalo. Mama wa jikoni anakusalimu pia, na anasema chai ipo, nzito safari hii. Bwana Mizizi hakujui, ila ameniambia nikufikishie heshima zake, nami nazifikisha. Chiriku nilimpa kalamu akuandikie, akaila kifuniko.

Shangazi, ahsante kwa sauti yako. Ukishaikunja barua, mletee Baba viatu vyake vya kazi, vile vya mpira. Viko chini ya kitanda, niliviona.

Wako akupendaye, aliyelala kwenye gunia,

Mama Chiriku